"Late" ya Waingereza siyo kuchelewa tu: uzi maalumu kwa wanaoandika barua, CV na matangazo ya misiba

KalamuYaMakole:

Wakuu, mbukwenyi.

Nina steshenari hapa Dodoma, upande wa Makole. Kazi yangu ni kuchapa: barua za kujieleza, maombi ya kazi, karatasi za mirathi, ratiba za mazishi, na siku hizi mambo ya zabuni. Tangu serikali ihamishie ofisi zake Mtumba, wateja wenye barua za Kiingereza wameongezeka sana, na kuna neno moja linaloharibu barua za watu kuliko maneno magumu yote. Ni "late". Wengi tulikaririshwa shule ya msingi kwamba maana yake ni kuchelewa, tukafunga daftari.

Kijana mmoja alikuja na barua ya kuomba ruhusa, ameiandika kwa mkono, anataka niichape tu. Bosi wake ni mzungu, bado mgeni nchini. Barua ilisema: "My father is late. I will be late on Monday." Kijana kafiwa na baba yake, na Jumatatu atachelewa kuingia kazini kwa sababu ya usafiri wa kutoka Kondoa. Lakini yule bosi angesoma kwamba mzee yuko njiani hajafika, na mtoto naye anamsubiri. Tukabadilisha, ikawa "My father passed away on Saturday". Pole zikaja siku hiyo hiyo na siku zake za msiba akapewa.

Sasa twende kazini. Ukiikuta "late" usikimbilie kutafsiri, angalia imekaa wapi.

Ikikaa baada ya "is" au "was" na inamhusu mtu, Mwingereza anaelewa kwamba mtu huyo kachelewa, basi. "She is late for the meeting", kachelewa kikao. Kama anadaiwa kitu ndipo inakuja "with": "He is late with the rent", hajaleta kodi na tarehe imepita.

Ikitangulia jina la mtu, na mbele yake kuna "the" au "my", hapo tuko msibani. "The late Mr. fulani" ni marehemu. "My late wife" ni mke wangu aliyefariki. Huwezi kuandika "my late wife" ukimaanisha mke wangu mwenye tabia ya kuchelewa, hata kama anachelewa kila siku ya Mungu. Nimekutana nayo kwenye kadi ya mwaliko, nikamwomba mteja akae kwanza anywe maji.

Ikitangulia kipindi cha wakati, hakuna aliyechelewa wala aliyekufa. "Late March" ni mwishoni mwa Machi. "The late 1970s" ni kama 1977 hadi 1979. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikuwa wa 1973, kwa hiyo ukiandika kwamba ulifanyika "in the late 1970s" umekosea historia, siyo sarufi. Mtu aliye "in his late forties" ana miaka 47, 48 au 49, yaani anaigonga hamsini.

Kipimo changu ni hiki: jiulize kama kuna mstari uliovukwa. Kama kuna saa au tarehe iliyopangwa na imepita, ni kuchelewa. Kama ni kipindi tu kinaelekea ukingoni, ni "mwishoni mwa". Watu wengi wanachanganya hizo mbili, na mikataba ndipo inapowaumiza.

Halafu "lately" haihusiani na kuchelewa. "I came lately" kwa maana ya nilichelewa kufika haipo. "Lately" ni hivi karibuni, siku hizi za nyuma. Nilichelewa kufika ni "I came late", bila mkia.

Karibuni, kila mtu aje na ya kwake kutoka kwenye fani yake.

MjombaWaAreaD:

Uzi tayari. Naweka kambi hapa na kikombe changu cha kahawa. Ila mkuu, hiyo kadi ya mwaliko ulimwacha bwana harusi aende nayo au?

KalamuYaMakole:

Mjomba, haikuwa harusi, ilikuwa ubarikio wa mtoto. Mama wa mtoto alikuwa amesimama pale pale pembeni, mzima wa afya.

MwalimuMstaafu_Kongwa:

Vijana, hamjambo. Nimefundisha Kiingereza sekondari mpaka nimestaafu, kwa hiyo niruhusuni nimpinge mwenye uzi sehemu moja, na sehemu nyingine nimpe maua yake.

Kusema "my father is late" kwa maana ya amefariki si kosa la kijana wa Kondoa peke yake. Ni matumizi ya kawaida kabisa Botswana, Afrika Kusini, Zambia, Zimbabwe, na Kenya utayasikia. Mtu mzima na elimu yake anakwambia "both my parents are late" na kila mtu mezani anainamisha kichwa. Hicho ni Kiingereza cha Afrika, na kina adabu yake. Sisi hatumtaji mtu kwamba "amekufa" kavu kavu. Tunasema amefariki, ametutoka, ametangulia mbele za haki. Mtu aliyetafuta neno la upole kwa Kiingereza aliiona "the late" kwenye tangazo la msiba akaichukua. Kwa hiyo nisingemwambia mwanafunzi wangu kwamba hii ni takataka. Ningemwambia: mzungu wa London hataielewa.

Kuhusu asili, neno hili ni la Kiingereza cha kale, na maana yake ya kwanza ilikuwa mwendo wa taratibu, uzito, uvivu wa kutembea. Saa na tarehe zilikuja baadaye. Ukoo wake ni mkubwa kuliko mnavyodhani. "Last" ni "latest" ya zamani iliyofupishwa mdomoni kwa karne nyingi. "Latter" ilikuwa ndiyo namna ya zamani ya kulinganisha, na "later" tunayoitumia leo ni mdogo wake. Ndiyo maana "later" na "latter" zinawachanganya wanafunzi: ni ndugu wa baba mmoja. Ukitaja vitu viwili, cha pili ni "the latter". Ukisema jambo litafanyika baadaye, ni "later". Herufi moja ya "t" inabeba tofauti yote hiyo.

KalamuYaMakole:

Mwalimu, shikamoo.

Nakubali kwamba Kiingereza cha Botswana kina haki yake. Lakini anayekuja dirishani kwangu ana barua ya kwenda kwa mtu mmoja mahususi, na huyo ndiye atakayeamua kama ruhusa itatoka. Barua ikienda Gaborone, nitaiacha. Ikienda kwa bosi wa kutoka Manchester, nitabadilisha. Na nyingi zinazopita kwangu zinaenda kwa mtu nisiyemjua, kwa hiyo nachukua njia isiyo na shaka: "passed away" au "died". Hakuna atakayezielewa vibaya.

MwalimuMstaafu_Kongwa:

Marahaba. Hapo sina neno.

LalaSalama_Jamhuri:

Nimeona hamjagusa mpira na ndiko neno hili linakoishi. Watangazaji wa Uingereza kila wiki: "late goal", "late winner", "late substitution". Hakuna kilichochelewa hapo. Ni bao la jioni, limefungwa dakika za lala salama. Kile kipimo cha mstari kinafanya kazi vizuri: mechi ina dakika 90, bao la dakika ya 88 liko ukingoni mwa kipindi, halijavuka kitu.

Ila "late tackle" ni habari nyingine, mstari umevukwa. Mchezaji kaupiga teke mguu wakati mpira umeshaondoka. Ingekuja sekunde moja kabla ingekuwa uchezaji halali. Kwa kuwa mpira haupo, ni rafu. Refa hatoi kadi kwa sababu ni dakika ya 88, hata dakika ya pili "late tackle" inawezekana.

Kuna nyingine inawavuruga wabeti: "late fitness test". Mtu anasoma kwamba mchezaji atafanyiwa vipimo vilivyochelewa, anafikiri daktari alisahau. Maana yake ni kwamba atapimwa karibu kabisa na mechi ndipo wajue kama atacheza. Ukiona hiyo usiweke mkeka mapema.

Tenisi_UDOM:

Kwa anayefuatilia tenisi: mpira wa kuanzishia ukigusa wavu halafu ukaangukia eneo sahihi, refa anasema "let", pointi inarudiwa. Watu wanafikiri ni ile "let" ya kuruhusu. Siyo. Ni neno jingine la zamani la kuzuia, kukwamisha, na ni jamaa wa hii "late" ya Mwalimu ya mwendo wa taratibu. Wavu umeukwamisha mpira.

Nimemaliza, nilitaka tu kuonyesha kwamba sisi wa michezo midogo tupo.

BintiZabibu:

Jamani na mimi nina la kwangu, maana hapa ni Dodoma na hamjataja zabibu mpaka saa hizi.

Nauza mvinyo. Nina chupa zinazotoka Afrika Kusini zimeandikwa "Late Harvest". Mteja anaichukua, anaisoma, anairudisha rafuni: "Dada, hii imechelewa, haijaharibika?" Mwingine aliniuliza kama ndiyo sababu bei iko chini.

Ukweli ni kinyume kabisa. Zabibu zinaachwa kwenye mzabibu kwa makusudi kupita muda wa kawaida wa kuvuna. Maji ndani ya punje yanapungua, sukari inabaki nyingi kwa kila punje, na mvinyo unatoka mtamu. Hakuna mkulima aliyelala. Amesubiri akijua anachosubiri, na amehatarisha mali, maana kila siku unayoziacha shambani kuna ndege, nyigu, ukungu na wezi.

Wakulima wangu wa huku wanaelewa haraka ukiwaeleza, kwa sababu sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Zile za msimu wa mvua ukijaribu kuzichelewesha zinaoza mbele ya macho yako, punje zinapasuka. Za kiangazi ndizo zinavumilia, jua kali na hewa kavu, zinajikunja taratibu kuelekea kuwa zabibu kavu. Kwa hiyo hata hapa "late" ya chupa ina masharti yake.

Swali kwa mwenye uzi: nikitaka kuweka kibao cha Kiswahili pale rafuni niandike nini? "Mavuno yaliyochelewa" yatanifukuzia wateja.

KalamuYaMakole:

BintiZabibu, andika "Mvinyo mtamu, wa zabibu zilizoiva kupita kiasi cha kawaida". Ni refu lakini mteja anajua anachonunua. Au "zabibu zilizokomazwa shambani". "Yaliyochelewa" liache, kwa Kiswahili kuchelewa kuna lawama ndani yake, na hapa hakuna wa kulaumiwa.

Kibao nakuchapia, hela ya wino tu.

BwanaShamba_Bahi:

Zabibu zimenivuta na mimi. Nipo kwenye ugani.

Wanaolima nyanya na viazi mviringo wanajua "late blight", kwa Kiswahili chetu cha mashambani ni bakajani chelewa. Mwenzake ni bakajani tangulia. Mkulima akisikia majina haya anapanga ratiba kwa kuyafuata: atapulizia dawa ya tangulia mwanzoni, ya chelewa ataipulizia mwisho wa msimu. Namwona anavyohesabu wiki kwa vidole na moyo wangu unaniuma, kwa sababu majina hayo si kalenda.

Bakajani chelewa haisubiri mwisho wa msimu. Ikipata baridi na majani yaliyolowa inaingia hata miche ikiwa midogo. Unaona mabaka ya rangi ya maji machafu kwenye jani, yanageuka kahawia au meusi, na asubuhi na mapema ukigeuza jani unakuta ukungu mweupe kama vumbi la unga pembezoni mwa baka. Kwa hali ya hewa inayoupendelea, shamba zima linaweza kuungua ndani ya siku chache. Ndiyo iliyokula viazi vya Ireland kuanzia 1845 na kuleta njaa iliyoua watu kama milioni moja. Bakajani tangulia yenyewe inaanza kwenye majani ya chini, yaliyozeeka, na baka lake lina miduara ndani ya miduara. Haina pupa kama mwenzake.

Kwa hiyo ukisoma "late" kwenye kibandiko cha dawa usidhani inakwambia lini upulizie. Ni jina la ugonjwa tu. Angalia jani, angalia umande, usiangalie jina.

Na kwenye mbegu ukiona "late maturing", hiyo ni mbegu inayochukua muda mrefu kukomaa. Dodoma mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na katikati zinaweza kukatika wiki kadhaa. Mbegu ya namna hiyo itakukuta kiangazi ikiwa bado inatoa maua. Wape watu wa Njombe. Sisi tunataka ya muda mfupi, mtama kama Macia unaowahi kuiva kabla ardhi haijakauka.

NesiWaZamu:

Naomba niandike hii kwa heshima, wakubwa mtanisamehe.

Binti wa kigeni, mwanafunzi wa kujitolea, alikuja kaunta akamwambia mwenzangu kwa sauti ya chini: "I'm late." Mwenzangu akamjibu kwa ukarimu wote kwamba asijali, daktari bado hajaanza kuona wagonjwa, akae kwenye benchi. Binti akarudia, akakaribia kulia. Mwenzangu akazidi kumtuliza: hujachelewa dada, umewahi.

Mwanamke akisema "I'm late" hospitalini, tena kwa sauti ya chini, mara nyingi anasema hedhi yake imepitisha siku. Anataka kipimo cha mimba. Sisi kwa Kiswahili tunasema "sijaona siku zangu" na kila nesi anaelewa hapo hapo. Tangu siku ile tumewekana sawa pale kaunta.

MjombaWaAreaD:

Kwa hiyo kuanzia sasa mke wangu akiniandikia "I'm late" nijiulize mara tatu: amekwama kwenye daladala, amepata ujauzito, au ni wa Botswana.

NesiWaZamu:

Mjomba, piga simu.

MtuWaUgavi:

Niwarudishe kwenye pesa.

Kwenye ununuzi wa umma, "late tender" ni zabuni iliyofika baada ya muda wa mwisho, na haipokelewi. Enzi za sanduku na bahasha, ikifika dakika moja baada ya muda ilirudishwa kwa mwenyewe bila kufunguliwa, uje na bei nzuri kuliko wote au usije. Siku hizi za NeST, mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni, hakuna hata wa kumbembeleza, mfumo unajifunga wenyewe. Nimeona watu wanapandisha nyaraka dakika kumi za mwisho na intaneti ya kuokoteza, halafu wanalia kwamba wamehujumiwa.

Lakini nilichokuja kusema ni tungo mbili zinazofanana na hazilingani. "Not later than 10:00" ina maana saa nne kamili bado umo, saa nne na dakika moja umetoka. "Before 10:00" ina maana saa nne kamili umeshachelewa. Na "by 10:00" kwa kawaida inachukuliwa kama ile ya kwanza. Watu hufikiri ni mapambo ya lugha. Zisome kama unavyosoma bei.

Baada ya kushinda kazi kuna "delay", ambayo ni ndugu yake ila mkali zaidi. Kwenye mkataba kunakuwa na fidia ya ucheleweshaji, kiasi fulani kwa kila siku au wiki. Na hapa kuna mtego kwenye barua za wakandarasi wetu. Mtu anaandika "We delayed because of rain". Kwa Kiingereza hiyo inasomeka kama ninyi ndio mlioamua kuvuta miguu. Alitaka kusema "We were delayed by rain", yaani tulicheleweshwa na mvua. Barua ya kwanza inakubali kosa, ya pili inaomba nyongeza ya muda. Mwanasheria wa upande wa pili anaipenda sana ile ya kwanza.

KalamuYaMakole:

MtuWaUgavi umenigusa, kwa sababu barua za kujieleza zote zinaanguka hapo hapo. "I delayed to report to work". Ofisa utumishi anasoma: nilikawia kwa kupenda kwangu. Sema "I was late because..." au "I was delayed by...". Kiswahili chetu kina kuchelewa, kuchelewesha na kucheleweshwa, kitenzi kile kile kinabadilika mkia, na hakuna Mtanzania anayezichanganya akiongea. Ukiwa na wasiwasi, iseme kwanza kwa Kiswahili usikie nani aliyemchelewesha nani, ndipo uvuke.

Na msiandike "I was lated". Haipo. Mtaani tunasema "nimelate", "usilate", ni lugha yetu na inaeleweka, lakini usiivalishe suti ukaipeleka ofisini.

Mgeni_Nzuguni:

Mimi nimeanza kazi kwa wageni mwaka huu. Nilimwandikia bosi asubuhi "I slept late", nikimaanisha nilichelewa kulala kwa sababu tulikuwa tunamalizia ripoti yake mwenyewe. Hakufurahi. Kwa nini?

MwalimuMstaafu_Kongwa:

Kwa sababu kwao "sleep late" ni kulala mpaka jua liwe kali, kuchelewa kuamka. Umemwambia kwamba ulikuwa kitandani saa tatu asubuhi. Kuchelewa kulala ni "I went to bed late" au "I stayed up late". Wewe ulikuwa unamsifia uchapakazi wako, yeye akasoma uvivu. Mwandikie tena, utaje ripoti.

Dogo_Ipagala:

Kuna hili la saa pia. Kaka yangu aliitwa kwenye usaili "10:00". Akafika saa kumi jioni, kapiga pasi shati, kabeba vyeti. Walishafunga. Aliambiwa yuko "late" kwa saa sita.

KalamuYaMakole:

Pole kwa kaka. Tofauti ni saa sita kila mara, hiyo haibadiliki: 10:00 ya kwao asubuhi ni saa nne yetu, 16:00 ndiyo saa kumi jioni. Mimi nikichapa mwaliko wa kwenda kwa watu mchanganyiko naweka vyote viwili, "saa 4:00 asubuhi" kwa upande wa Kiswahili na "10:00 a.m." kwa upande wa Kiingereza.

Hata "late" ya siku ina ramani yake. "Late morning" ni saa tano hivi. "Late afternoon" ni saa kumi na kumi na moja, wakati kule Majengo wanaanza kushusha bei ya mboga. "Late evening" imeshakuwa saa tatu usiku. Mtu akikualika "late afternoon" usifike giza limeingia ukidhani ndiyo jioni yenyewe.

Mswahili_wa_Pangani:

Nipo Dodoma kikazi, nimezaliwa Pwani. Kwa kuwa mmeingia kwenye saa, wazee wetu walikuwa na kuchelewa na kuchwelewa. La kwanza lina kucha ndani yake: umekuchelea, asubuhi imekukuta. La pili lina kuchwa: jua limekutulia kabla hujafika. Msafiri aliyeondoka wakati jua limeshapanda amechelewa. Aliyeingiliwa na giza njiani amechwelewa. Hili la pili silisikii tena hata kwetu. Nyie wa bara mlilipoteza lini?

MjombaWaAreaD:

Mkuu, hatukuwahi kulipokea.

MsimamiziMirathi:

Naomba msaada kabla sijapeleka karatasi. Nyaraka za mirathi zina "the estate of the late..." halafu sehemu nyingine wameandika jina la marehemu na "late of Kondoa". Je, hiyo ya pili wamekosea?

KalamuYaMakole:

Hawajakosea. "Late of Kondoa" ni lugha ya mahakamani: aliyekuwa mkazi wa Kondoa. Ni maana ya zamani ya "late", yaani ya hapo awali, ambaye alikuwa. Usiibadilishe kuwa "the late Kondoa", Kondoa iko hai.

Kwa kuwa tumefika kwenye marehemu nimalizie mambo ya misiba, maana haya ndiyo yananikuta wiki nzima.

Kiswahili tuna marehemu na hayati. Marehemu ni wa wote. Hayati tunampa zaidi kiongozi au mtu wa heshima ya pekee. Mwingereza ana "late" moja tu kwa mkulima wa uwele na kwa rais, kwa hiyo heshima unaiongeza kwa cheo. Na hapo angalia: Magufuli alifariki Machi 17, 2021 akiwa madarakani, "the late President Magufuli" inakaa vizuri. Mkapa alifariki Julai 24, 2020 akiwa mstaafu, kwa hiyo ukitaka kuwa makini ni "the late former President Mkapa". Ukiandika "the late President Mkapa" hakuna atakayekufunga, ila msomaji asiyejua historia yetu atadhani alifia Ikulu.

Pili, "the late" ni ya watu ambao kifo chao bado ni cha karibuni. Hakuna anayeandika "the late Mkwawa". Alikufa 1898, kila mtu anajua hayuko nasi. Wakati gani unaacha? Hakuna mwaka uliowekwa. Mimi hutazama kama wasomaji wanaomkumbuka marehemu akiwa hai bado ni wengi.

Tatu, wahariri wa magazeti ya Kiingereza hukataa kumfanya marehemu atende jambo akiwa ameshakuwa "the late". "The late chairman opened the school in 1998" inawachekesha, kwa sababu siku ile ya 1998 alikuwa hai na mkasi mkononi. Wanataka "The chairman, who died last year, opened the school in 1998". Sisi kwa Kiswahili hatuna tatizo hilo, "marehemu alizaliwa mwaka 1950" ndiyo sentensi ya kwanza ya kila wasifu msibani na hakuna anayecheka. Kwa hiyo ukitafsiri wasifu wa marehemu kwenda Kiingereza, usiweke "the late" kwenye kila sentensi kama unavyoweka marehemu. Iweke mara ya kwanza, baada ya hapo tumia "he" au jina lake. Nimewahi kupokea wasifu wa ukurasa mmoja wenye "the late" kila mstari, ulisomeka kama orodha ya wafu wengi wakati msiba ulikuwa mmoja.

MsimamiziMirathi:

Asante sana mkuu. Na kwenye fomu ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa marehemu wameniambia ni "late registration", ana miaka kumi na moja. Hiyo "late" ni ya baba yake?

KalamuYaMakole:

Hapana, ni ya usajili. Mtoto asiposajiliwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, anaingia kwenye usajili uliochelewa, baba awe hai au asiwe hai. Utatakiwa viambatisho vya ziada vya kuthibitisha alizaliwa lini na wapi: kadi ya kliniki kama ipo, cheti cha ubatizo, barua ya shule au ya mtendaji. Uliza kwanza ofisi ya RITA ya wilaya ni vipi wanavyovitaka, kisha njoo navyo vyote siku moja nikutolee kopi, usije mara nne.

Graduate_Chimwaga:

Swali la haraka kwenye CV. Niandike "my last job" au "my latest job"? Nilimaliza mkataba mwezi uliopita.

MwalimuMstaafu_Kongwa:

Kama umeimaliza na huna nyingine, "last" inafaa, ni ya mwisho mpaka sasa. "Latest" ni ya karibuni kabisa katika mfululizo unaoendelea, inafaa kwa "latest payslip" au picha. Ila kwenye CV wala huhitaji yoyote kati ya hizo. Andika cheo, mahali, mwezi na mwaka ulioanza na uliomaliza. Wataona wenyewe.

Graduate_Chimwaga:

Poa Mwalimu. KalamuYaMakole, kesho unafungua saa ngapi?

KalamuYaMakole:

Saa mbili asubuhi. Umeme ukikatika nipo, nina jenereta, ila kopi inapanda shilingi hamsini.